Sauti ya Fisi Kinywani mwa Sungura

Mto Tiva ukikauka, na hukauka kila mwaka, watu wa Kitui huchimba palepale mtoni. Mvua ikipita, maji huzama chini ya mchanga na kubaki humo, jua lisiyaguse, na mwenye jembe na subira huyafikia hata katikati ya kiangazi. Kwa hiyo ile hadithi ya kisima, inayosimuliwa karibu kote Afrika Mashariki, huku Ukambani imekaa kana kwamba ilizaliwa huku. Ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima. Sungura anakataa kuchimba, ati ana shughuli zake. Maji yakipatikana, anakuja usiku kuyanywa na kuyaoga humohumo. Wanyama wanakasirika, wanaweka mlinzi. Mlinzi hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, lakini mimi nampenda fisi.

Kinachofuata kila mtu anakijua: sungura anakuja na kibuyu cha asali, anamlaghai mlinzi, mlinzi anafungwa kamba, maji yanaibwa. Watoto hucheka, wazee husema fisi ni tamaa, na watu wanaenda kulala. Mara chache mtu husimama akasikiliza namna hao wawili wanavyozungumza kabla kamba haijatoka. Naisimulia sehemu hiyo kwa maneno yangu, maana sura hii nzima inaiegemea.

Sungura hakikaribii kisima. Anakaa mbali kidogo, anachovya kidole kibuyuni, analamba, anafumba macho.

"Habari za kazi, mjomba?"

"Kazi ni kazi. Nenda zako."

"Naenda. Sikufuata maji. Mimi maji hayanishughulishi."

"Hata mimi hayanishughulishi. Nimewekwa tu."

"Pole. Kukesha ukilinda kitu usichokitaka."

"Na wewe pole. Kutembea usiku kucha ukitafuta kitu usichokitaka."

"Ninachokitaka ninacho."

"Nini hicho?"

"Si kitu."

"Si kitu gani?"

Tazama tulipofika. Tumeambiwa tangu mwanzo kwamba mmoja ni mjanja na mwingine ni mjinga, mmoja ni mwizi na mwingine ni mlinzi. Lakini ondoa majina yao katika mistari hiyo, mpe mtu asiyeijua hadithi, umwulize nani ni nani. Atasitasita. Wote wawili wamesema uongo uleule, tena kwa neno lilelile: maji hayawashughulishi. Wote wawili wamepeana pole wasiyoimaanisha. Fisi ameuchukua mzani wa sentensi ya sungura, akaugeuza na kumrudishia, jambo ambalo mjinga haliwezi. Akishindwa, hashindwi kwa uzito wa kichwa. Anashindwa kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuuliza swali la kweli. Hadi hapo walikuwa njaa mbili zinazoongea lugha moja.

Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha. Hadithi hututenganishia mahasimu kwa matendo, na mara nyingi mwandishi naye hutusaidia kwa kutuambia tumpende nani. Undugu wao husikika katika mazungumzo, katika toni, katika maneno wanayoazimana bila kujua. Msomaji anayesoma kwa macho tu ataona vita. Anayesoma kwa masikio atasikia jamaa wawili.

Katika masimulizi ya mdomo jambo hili lina sababu ya wazi kabisa: msimulizi ni mmoja. Bibi aliyeketi jikoni na wajukuu humpa fisi sauti nzito ya puani, sungura akampa sauti nyembamba ya haraka haraka. Hayo anaweza kuyabadilisha. Asichoweza ni kubadilisha pumzi yake, wala yale maneno aliyoyazoea tangu ujana, wala pale anapopenda kunyamaza ili watoto wasogee karibu. Fisi na sungura wanatoka koo moja, na mabaki ya koo hilo yamo katika kila wanachosema. Msimulizi hodari hashindani na jambo hili, bali hulitumia. Humwacha fisi aseme, kwa sauti yake nzito, neno ambalo sungura alilisema jana yake kwa sauti nyembamba, na watoto hucheka kabla ya kujua wanacheka nini.

Hadithi zilipoingia katika vitabu, sauti ilibaki nje. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi Ukambani mwaka wa 1911 na 1912, alichapisha baadaye majuzuu matatu ya fasihi simulizi ya Wakamba, la kwanza, la 1928, likiwa la hadithi za wanyama. Baada yake akaja mwenyeji. John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931. Dunia inamjua kwa kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, lakini kabla ya kuwa mwanatheolojia mashuhuri alikuwa mtu wa hadithi. Alikuwa hajafikisha miaka ishirini na mitatu kilipotoka kitabu chake cha Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, mwaka wa 1954. Alikusanya hadithi zaidi ya elfu moja, akazichagua chache na kuzichapisha kwa Kiingereza mwaka wa 1966, katika Akamba Stories. Na jina lake, kwa asiyejua Kikamba, maana yake ni fisi. Wakamba wamewahi kuwapa watoto majina ya namna hiyo pale ambapo waliotangulia walifariki, ili mauti yapite yakidhani hapo hapana cha kuchukua. Kwa hiyo aliyetuhifadhia maneno ya fisi ni Fisi mwenyewe. Nalitaja hilo kwa sababu linanifurahisha, si kwa sababu linathibitisha lolote.

Kukosekana kwa sauti katika vitabu hivyo ni hasara kubwa, lakini kuna faida ndogo ndani yake. Sauti nzito na sauti nyembamba zikishaondoka, maneno hubaki uchi. Hapo ndipo unapoona kwamba tofauti kubwa kati ya hao wawili ilikuwa imebebwa na koo la msimulizi, na kwamba maneno yenyewe yalikuwa yakifanana siku zote.

Shuleni tunafundisha kinyume chake. Ingia darasa la kidato cha nne Mwingi au Wote, ufungue daftari la Kiswahili la mwanafunzi yeyote, utakuta ukurasa wenye mstari wa wima katikati. Huku sifa za mhusika mwema, kule sifa za mhusika mbaya. Kwa miaka kadhaa, kuanzia 2018 hadi 2022, tamthilia iliyotahiniwa ilikuwa Kigogo ya Pauline Kea, na daftari lilisema: Majoka, katili, mwenye tamaa, dikteta; Tunu, jasiri, mtetezi wa haki, msomi. Hakuna uongo hapo. Mtahini anataka hivyo, na mwanafunzi anataka alama. Lakini mstari ule wa katikati huwafanya wanafunzi wawe viziwi. Wasomee kwa sauti zile sehemu ambazo Majoka na Tunu wanakabiliana, halafu uwaulize: nani anasema kwa niaba ya jimbo lao, Sagamoyo? Wote. Kila mmoja anaitaja Sagamoyo kana kwamba amekabidhiwa yeye. Hakuna kati yao anayezungumza kama mtu mwenye shaka. Majoka ni dhalimu na Tunu si dhalimu, hilo sipunguzi hata chembe. Lakini wote wawili ni viongozi, na uongozi una toni yake, nayo inasikika kwa mpinzani kabla hajakalia kiti. Mwanafunzi akishalisikia hilo, swali la nini kitatokea baada ya Majoka kuondoka linamjia lenyewe, bila kusubiri mwongozo.

Shaaban Robert alilijua hili mapema. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka wa 1951, Waziri Majivuno anamshtaki Karama mbele ya Mfalme, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita. Majina yenyewe yametuamulia tumpende nani. Hata hivyo, funga macho usikilize: mshtaki na mshtakiwa wanaongea Kiswahili kilekile cha barazani, kirefu, chenye adabu na mifano mingi, kila mmoja akipanga hoja zake kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Ningethubutu kusema Karama angekuwa waziri mzuri sana, na nahisi Majivuno alilihisi hilo kuliko mtu yeyote pale barazani. Hofu yake inaeleweka zaidi ukiisikia hivyo. Ebrahim Hussein, mwaka wa 1971, akaenda mbali zaidi katika Mashetani: vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaigiza, mmoja Shetani na mwingine Binadamu. Mchezo ukiisha, maneno hayaishi. Yanabaki yakimtesa mmoja wao, kwa sababu mtu hawezi kulitia neno la adui kinywani mwake akalitema lote.

Turudi Ukambani, upande wa Makueni. David Maillu alizaliwa Kilungu mwaka wa 1939. Hakusubiri mchapishaji amkubali. Alianzisha kampuni yake, Comb Books, na mwaka wa 1973 akatoa My Dear Bottle na Unfit for Human Consumption, mwaka uliofuata After 4.30. Vilikuwa vitabu vyembamba, vya kusomwa ndani ya matatu, na viliuzwa sana. Wahakiki wa vyuo vikuu walivikunjia uso, na mwaka wa 1976 Tanzania ikavipiga marufuku. Wengi wakikumbuka vitabu hivyo hukumbuka uchafu. Mimi nakumbuka sauti. After 4.30, ambacho jina lake ni saa ya kufunga ofisi, kimeandikwa kwa mistari mifupi kama shairi, na kinaendeshwa na malalamiko: mwanamke mfanyakazi kwa upande mmoja, ulimwengu wa mabosi kwa upande wa pili. Uonevu uko wazi, na Maillu haufichi. Lakini malalamiko yenyewe yana mapigo yaleyale. Anayeonewa na anayeonea wote wamechoka, wote wanajihesabia walichotoa na kuona walichopewa ni kidogo, wote huanza na dhihaka na kuishia kwenye kilio. Katika My Dear Bottle mlevi anazungumza na chupa yake, nayo ndiyo mpenzi na ndiyo adui. Chupa haijibu. Kwa hiyo mlevi hulazimika kuzibeba pande zote mbili za ugomvi, na kwa mbinu hiyo Maillu alitupa hasimu na hasimu ndani ya kinywa kimoja, bila hata ya kuhitaji mhusika wa pili.

Kuna jambo jingine Maillu alilolisikia vizuri, akalitumia waziwazi mwaka wa 1989 katika Without Kiinua Mgongo, alipochanganya Kiingereza na Kiswahili ndani ya kitabu kimoja: sisi Wakenya toni tunaibeba kwa kuhama lugha. Watu wawili wakigombana katika ofisi ya kaunti au dukani, huanza kwa Kikamba, kwa mizaha. Jambo likiwa zito, mmoja anahamia Kiswahili. Likifika pabaya, kunatokea Kiingereza, hata cha kuvunjika, kwa sababu Kiingereza hufunga mlango. Angalia nani anahama kwanza na nani anamfuata. Mahasimu wa kweli huhama pamoja. Yule asiyemfuata mwenzake, anayebaki katika lugha ya mama huku mwenzake akitoa vifungu vya sheria, huyo ni mtu wa aina nyingine kabisa, na mwandishi akimpata asimwache.

Kabla sijaendelea, nitoe tahadhari. Kufanana kwa sauti kunaweza kuwa wizi. Kila jamii huku ina hadithi ya zimwi aliyemsikia mama akiwaimbia watoto wake ili wamfungulie mlango. Zimwi anaimba wimbo uleule, watoto wanakataa, maana sauti ni nzito. Anakwenda kwa mganga, anarudi na koo jembamba. Watoto wanafungua. Hapo mama na zimwi wanafanana kwa neno na kwa toni, na kufanana huko hakumaanishi undugu wowote. Tofauti na hadithi ya kisima ni hii: zimwi aliiazima sauti kwa makusudi, ikamgharimu safari na ada ya mganga, ilhali fisi na sungura hawakujua kwamba wanafanana. Kufanana kunakofunua tabia ni kule kunakomtoka mhusika bila yeye kupanga. Kule kulikopangwa kunafunua mpango, basi. Wanasiasa wetu, ambao kila baada ya miaka mitano hujifunza upya kutuita "syana sya mwaitu", watoto wa mama yetu, wako upande wa zimwi katika jambo hili, na wapigakura wa Kitui na Makueni wanalijua vizuri kuliko wanavyodhaniwa.

Sasa tuandike. Nimechagua mchanga, kwa kuwa ndio kisima cha siku hizi. Lori moja likiondoka na mchanga wa mto linaondoka na nafasi ya kukaa maji. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake, maana watu walikuwa wameumizana, na wengine wameuawa, kwa ajili ya biashara hiyo, huku majengo ya Nairobi yakiendelea kupanda. Tuwe na wahusika wawili wa kubuni: Mutiso, dalali wa mchanga, na Muli, ambaye kamati ya kijiji imemweka alinde mto usiku. Walisoma shule moja ya msingi.

Mwandishi anayeanza huandika hivi:

"Nitauchukua mchanga wote, na hakuna atakayenizuia!" Mutiso alisema kwa kiburi.

"Hapana! Huu mto ni wa watoto wetu," Muli alijibu kwa uchungu.

"Watoto wako hawanihusu mimi!" Mutiso alicheka kwa dharau.

Kosa la kwanza liko katika "kwa kiburi", "kwa uchungu" na "kwa dharau". Haya ni maneno ya kumwelekeza mwigizaji, na msomaji si mwigizaji. Toni ikihitaji kutangazwa, maneno yenyewe hayakuibeba. Kosa la pili ni zito zaidi: hakuna mwizi anayezungumza hivi. Mwizi wa mchanga aliye hai, mwenye nyumba, aliyezaliwa ng'ambo ya kilima, hawezi kumwambia mtu waliyesoma naye kwamba watoto wake hawamhusu. Atamwuliza hali zao. Kosa la tatu ni kwamba baada ya mistari mitatu hatuna pa kwenda ila kwenye ngumi.

Tujaribu tena. Usiku, kingo za Mto Kaiti. Lori limeachwa juu barabarani, taa zimezimwa. Mutiso anateremka kwa miguu. Wanaongea Kikamba, sisi tunakisikia kwa Kiswahili.

"Mwanaa mwaitu. Hujalala?"

"Nilale vipi na wewe hulali?"

"Baridi."

"Baridi."

"Mtoto wangu amerudishwa. Karo."

"Yule wa kidato cha tatu?"

"Huyo huyo. Na wako?"

"Alirudi Jumatatu. Yuko nyumbani anachunga mbuzi."

"Basi unanielewa."

"Mimi nakuelewa tangu zamani. Tatizo si kuelewana."

"Lori moja tu, Muli."

"Wiki iliyopita ulisema moja tu."

"Na wewe wiki iliyopita ulisema ni mara ya mwisho."

Muli aliinuka kwenye jiwe, akajikung'uta mchanga. Alipofungua kinywa, alihamia Kiswahili.

"Kamati imekataza."

"Kamati nimeisikia," Mutiso akajibu, kwa Kiswahili vilevile. "Kamati inajua unalipwa kiasi gani kukaa hapa?"

"Kamati ikiuliza niseme nini?"

"Sema ulisinzia."

"Nilisinzia wiki iliyopita."

"Kwani mtu husinzia mara moja maishani?"

Hapa hakuna aliyepaza sauti, na sina neno hata moja la kusema nani ana hasira. Msomaji amejua mambo matatu ambayo hakuna mhusika aliyeyatangaza: kwamba Muli alishapokea kitu wiki iliyopita, kwamba alijiapia asirudie, na kwamba Mutiso naye hapendi kuwa pale. Ameyajua kwa kurudiwa kwa maneno. "Moja tu" ni neno la Mutiso, lakini "mara ya mwisho" ni ndugu yake pacha, nalo ni la Muli. Kila mmoja ana kipimo chake cha kujidanganya, na kila mmoja anakitambua cha mwenzake papo hapo. Zile "baridi" mbili hazina habari yoyote ndani yake. Nimeziacha kwa sababu watu wanaoogopana huanza kwa kukubaliana juu ya jambo lisilo na gharama.

Tazama pia mahali pa kuhama lugha. Muli ndiye anayekimbilia Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ndicho lugha ya mikutano na ya chifu. Anatafuta nguo ya ofisi ya kuvaa usiku. Mutiso anamfuata bila kusita, kumwonyesha kwamba nguo hiyo na yeye anayo. Kama ningemwacha Mutiso abaki katika Kikamba, ningepata mandhari nyingine: mbembelezaji mbele ya askari. Kwa kumhamisha nimewaweka sawa.

Na vile vineno vidogo. "Basi unanielewa." "Kwani mtu husinzia mara moja?" Kiswahili kina hazina ya vineno vya namna hii, kwani, basi, ati, haya, si, hebu, na nusu ya toni ya mazungumzo yetu imo humo. Mtu anayesema "haya" anaweza kuwa amekubali, amechoka au anatishia, na mwenye kumjua atatofautisha. Mhariri akivifyeka kwa madai kwamba havina maana, atatuachia watu wawili wanaosomeana barua. Nimeona miswada mingi iliyouawa hivyo, kwa nia njema kabisa.

Mtu ataniuliza: ukiwafananisha hivyo, si umemtetea mwizi? Swali ni la haki, na jibu langu linaanza na lori. Muli na Mutiso wanafanana kwa karo, kwa usingizi, kwa uongo mdogo wanaojiambia. Hawafanani kwa lori. Kunapokucha, mmoja atakuwa njiani kuelekea Nairobi na mwingine atakuwa bado yuko kwenye jiwe, na kina mama watakuja na mitungi wamkute yeye. Kufanana kwao kwa maneno ndiko kunakoifanya tofauti hiyo iume. Katika muswada wa kwanza, ambamo Mutiso alikuwa jitu la kiburi, mchanga ulichukuliwa na uovu, na dhidi ya uovu mtu hana la kufanya ila kuulaani. Katika wa pili mchanga umechukuliwa na makubaliano kati ya watu wawili wenye shida moja, mmoja wao akiwa na usafiri. Hicho ni kitu ambacho kamati, au sheria, au jirani anaweza kukiingilia.

Na jirani anakuja. Mandhari ya mahasimu wawili wanaofanana hutulia mno ikiachwa wawili tu. Huhitaji mtu wa tatu asiye na toni yao. Tumlete Mama Mwikali, mwenyekiti wa kamati, mjane, amekuja mtoni alfajiri na punda wake kabla foleni haijawa ndefu. Mutiso amechelewa kuondoka kwa sababu gurudumu la lori limezama ukingoni, na Muli anamsaidia kulisukuma. Mama Mwikali hawasalimii, na kwa umri wake na wao hilo pekee limeshasema mengi. Haulizi habari za watoto, ingawa watoto wa wote wawili aliwapokea yeye walipozaliwa. Anamfunga punda kwenye mti, anaweka mitungi chini, anaangalia shimo. Nimempa sentensi moja tu, ya Kikamba, fupi.

"Ni lori ngapi?"

"Moja tu," wakajibu kwa pamoja.